Digrii Italipwa Vizuri Wapi: Serikalini au kwa Kampuni?

Mpwa wangu alifika nyumbani Mamboleo Jumapili jioni, viatu vimejaa matope ya mvua, akaweka simu mezani kando ya sahani ya omena. "Mjomba, soma hizi mbili kisha uniambie ipi ina pesa." Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa akademi moja, shule ya kibinafsi, ya Nakuru iliyomtaka kwa Hisabati na Kemia: shilingi 38,000 kwa mwezi na chumba ndani ya shule. Wa pili ulitoka kwa mwalimu mkuu wa sekondari ya kutwa huko Vihiga. Bodi ya Usimamizi ya shule ilikuwa na nafasi ya 18,000, "ukisubiri TSC", tume ya serikali inayoajiri walimu. Binti huyu ana digrii ya ualimu kutoka Masinde Muliro, ana nambari ya TSC, ana deni la HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, na amekanyaga lami akitafuta kazi miaka miwili.

Mimi nimetayarisha mishahara ya watu kwa miaka kumi na miwili, minne ya kwanza katika kiwanda hapa Kisumu, iliyobaki katika ofisi ya umma. Nimeulizwa swali lake mara nyingi, na kila mara aliyeuliza alikuwa ameshika namba mbili za mwezi wa kwanza tu. Namba hizo hazitoshi kuamua, maana digrii ile ile inahesabiwa kwa njia mbili zisizofanana. Serikalini inakupa gredi, na gredi ndiyo inayolipwa. Kwa kampuni inakufikisha mbele ya meza ya mahojiano, na kuanzia hapo unalipwa kwa kile unachoweza kufanya na jinsi ulivyopatana.

Karatasi inavyohesabiwa

Katika utumishi wa umma kila kada ina muundo wake wa utumishi, karatasi inayotaja kila cheo na vyeti vinavyotakiwa, na muundo huo hausiti. Muuguzi wa diploma anaingia jobu grupu H, yaani ngazi ya mshahara, mwenye digrii anaingia K, daktari aliyemaliza mwaka wake wa uanagenzi anaingia M. Hakuna anayeketi na mkuu wa idara kupatana bei. Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, iliyozaliwa na Katiba ya Kenya ya 2010, huweka viwango vya wakuu wa serikali na kuishauri serikali kuhusu wengine wote, nasi wa mishahara kazi yetu ni kutafuta mstari ulioandikwa. Nimewahi kuingiza vijana wawili kwenye orodha siku moja, mmoja na daraja la kwanza, mwenzake alipita kwa kuchechemea. Mwisho wa mwezi walipata sawa hadi senti. Yule wa daraja la kwanza alinijia ofisini akidhani nimekosea hesabu.

Kiwandani nilikuta kinyume chake. Meza mbili zinatazamana, kazi moja ya hesabu za ghala, chuo kimoja, na tofauti ya 14,000 kila mwezi. Chanzo chake kilikuwa kidogo sana. Siku ya mahojiano mmoja aliulizwa anataka ngapi akajibu "chochote mtakachonipa". Mwingine akataja bei. Kila nyongeza iliyofuata ilikuwa asilimia ya ule mshahara wa kwanza, kwa hiyo pengo likaendelea kupanuka. Aliyesema "chochote" alikuwa msichana, na katika miaka minne ile sikumbuki mvulana aliyejibu hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya thamani sawa ilipwe sawa, lakini mshahara ukiwa siri, nani atajua kwamba amepunjwa ili adai? Katika hili serikali inamlinda mwanamke kuliko kampuni, kwa sababu tu jedwali lake linaonekana na kila mtu.

Kuna uchunguzi wa zamani ninaoupenda. Mwaka wa 1980 wachumi waliwapima wafanyakazi wa kuajiriwa wa Nairobi na Dar es Salaam: miaka waliyokaa darasani, akili ya kufumbua mafumbo, na uwezo wao wa kusoma na kupiga hesabu. Mshahara ulifuata zaidi ule uwezo wa kusoma na kuhesabu kuliko miaka ya kukaa shuleni au akili ya kuzaliwa. Nchi zetu zimebadilika mno tangu hapo, ila nikikumbuka kiwanda changu naona picha ile ile. Mwenye diploma ya Kisumu Poly aliyejua kulinganisha hesabu za ghala na za benki bila kusukumwa alimpita mwenye digrii ndani ya miaka mitatu. Serikalini jambo hilo haliwezekani kirahisi. Muundo wa utumishi ungemsubirisha mpaka alete cheti.

Walimu, ambako hesabu iko wazi

Nianze na walimu kwa sababu mpwa wangu ni mwalimu, na kwa sababu TSC ndiko bei ya kila cheti inaweza kusomwa mstari kwa mstari. Nitatumia awamu ya mwisho ya mkataba wa mishahara ya walimu wa 2017 hadi 2021. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini ngazi ni zile zile.

| Anayeingia na | Gredi | Mshahara wa msingi wa kuanzia |
|---|---|---|
| Cheti cha P1 (ualimu wa shule ya msingi) | B5 | 21,756 |
| Diploma | C1 | 27,195 |
| Digrii | C2 | 34,955 |
| Mwalimu mkuu wa ngazi ya juu kabisa | D5 | 131,380 |

Kutoka P1 hadi diploma ni asilimia 25. Kutoka diploma hadi digrii ni shilingi 7,760 kwa mwezi, kama asilimia 28 na nusu. Lakini tazama mstari wa mwisho. Yule aliyetumikia maisha yake yote, akapanda kila ngazi na sasa anaongoza shule kubwa ya kitaifa, anaanzia chini ya mara nne ya kijana aliyetoka chuoni jana. Huko ndiko kubanwa kwa mishahara ya umma: chini kunainuliwa, juu kunafinywa. Ukiwa mtu wa kawaida, jedwali hili ni rafiki yako. Ukiwa mtu wa ajabu, halitakutambua.

Sasa piga hesabu ya kujiendeleza. Tuseme kutoka diploma kwenda digrii kutakugharimu 300,000, karo na nauli za kwenda Maseno kila likizo. Ile tofauti ya 7,760, baada ya ushuru, SHIF (bima ya afya ya umma) na ada ya serikali ya kujenga nyumba, inabaki kama 5,200 mfukoni. Utahitaji karibu miaka mitano ya kazi kurudisha pesa zako. Miaka mitano si mibaya kwa mtu wa miaka 27 atakayestaafu akiwa na 60. Tatizo liko kwa aliye kazini tayari. Zamani mwalimu wa P1 alipeleka cheti chake kipya TSC akapandishwa. Mwongozo wa kupanda vyeo wa 2017 ukafunga mlango huo: kupanda kukategemea nafasi zilizotangazwa, miaka ya utumishi na tathmini ya kazi. KNUT, chama cha walimu, ikaenda mahakamani na ikashinda Julai 2019, kisha ushindi ukawa mchungu. TSC iliwarudisha wanachama wa KNUT kwenye muundo wa zamani, wakakosa nyongeza za mkataba, na walimu wakakihama chama kwa maelfu. Ninawajua wanaofundisha darasa la nne Bondo wakiwa na shahada ya uzamili ndani ya fremu ukutani na B5 au C1 kwenye hati ya mshahara.

Halafu kuna hatua iliyo kabla ya jedwali, ambayo wengi hawaitaji. TSC ilipopeleka wanagenzi katika Sekondari ya Msingi (darasa la saba hadi la tisa) mwaka wa 2023, mwenye digrii alilipwa 20,000 kabla ya makato. Wakati huo kima cha chini cha kibarua wa kawaida hapa Kisumu, kwa sheria, kilikuwa 15,201.65, na ukiongeza asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba kinafika karibu 17,480. Miaka minne ya chuo kikuu ikazaa kama 2,500 zaidi ya kubeba magunia. Wanagenzi hao waliandamana, wakaenda kortini, na mwanzoni mwa 2025 zaidi ya 46,000 wakapewa kazi ya kudumu. Walioweza kuvumilia sasa wako kwenye jedwali. Walioshindwa, nao ni wengi, wanauza sare za shule Kibuye au wamehamia akademi.

Akademi zenyewe hazina jedwali. Kuna za Nakuru na Kisumu zinazomlipa mwalimu wa Hisabati kuliko TSC, na kumpa bahasha matokeo yakitoka vizuri. Kuna nyingine za mabati ambako mwenye digrii anapata chini ya bodaboda anayemleta shuleni, na Aprili, Agosti na Desemba hapati kitu. Digrii haikuhakikishii lolote huko. Somo ndilo linalokulipa. Mwalimu wa Fizikia anatafutwa, mwalimu wa Historia anaambiwa asubiri.

Kazi ya Bodi ya Usimamizi inawachanganya wengi. Shule ni ya serikali, ubao langoni ni wa serikali, lakini mshahara unatoka kwa karo ya wazazi. Karo ikichelewa nawe umechelewa. Digrii yako hapo haina gredi kama ilivyo TSC na haina soko kama ilivyo akademi, kwa hiyo umekosa faida ya pande zote mbili. Faida yake moja ni kwamba uko karibu, unafundisha, na hukosi la kuandika kwenye fomu.

Hospitali, kwa kifupi

Huku digrii inalipa kuliko mahali pengine popote serikalini, na sababu yake ni vyama vikali. Mkataba wa madaktari wa 2017, uliopatikana baada ya mgomo wa siku 100, ulimpa daktari mwanagenzi 206,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2024 serikali ilitaka kuishusha hadi 70,000, madaktari wakagoma siku 56, na hatimaye ile ya mkataba ikasimama. Linganisha na mwanagenzi wa kawaida wa Tume ya Utumishi wa Umma mwenye digrii ya biashara: 25,000. Digrii mbili, serikali moja, tofauti ya mara nane.

Hospitali za kibinafsi za Kisumu hazimshindi serikali kwa daktari mchanga. Zinamshinda kwa bingwa, na ndiyo maana unamwona daktari asubuhi pale Russia, hospitali kuu yetu, na jioni kwenye kliniki yake mtaa wa Milimani. Kwa muuguzi ni tofauti: nimeona hati za mishahara za hospitali za watu binafsi ambako wa diploma na wa digrii wanapishana kwa elfu tatu, wote chini ya muuguzi wa kaunti.

Uhasibu, kilimo, mauzo na mashirika

Hapa ndipo kampuni zinapoanza kuvuta. Wahasibu wenye digrii peke yake, bila CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu, wako wengi kama dagaa Dunga. Kwa mwajiri wa Kisumu au wa Industrial Area ya Nakuru, CPA iliyokamilika ina uzito kuliko digrii ya uzamili ya biashara, nami nakubaliana naye: mitihani ya KASNEB, bodi inayotahini CPA, haimhurumii mtu. Serikalini vyote viwili vinatakiwa, lakini kila kimoja kwa wakati wake, na mshahara hausogei mpaka nafasi itangazwe.

Mtaalamu wa mimea kutoka Egerton akiingia mashamba ya maua ya Naivasha anakuta watu wa aina mbili. Wachumaji wana mkataba wa pamoja uliopatanwa na chama cha KPAWU, kwa hiyo mshahara wao unajulikana. Yeye, mwenye digrii, hana. Anaweza kuanza chini ya ofisa wa kilimo wa kaunti aliyesoma naye, na miaka sita baadaye akiwa msimamizi wa vitalu analipwa maradufu yake na gari juu. Anaweza pia kufutwa wiki ambayo soko la Ulaya limeanguka. Benki nako kuna mchanganyiko: makarani wako chini ya chama chao, BIFU, na mkataba wa pamoja, karibu kama serikali, na ukipandishwa umeneja unatoka kwenye jedwali na kuingia kwenye kupatana.

Mauzo sitasema mengi. Kamisheni haisomi cheti.

Mashirika yasiyo ya serikali ndiyo yaliyotuharibia vipimo hapa Nyanza. Kwa zaidi ya miaka ishirini, pesa za Ukimwi na malaria kutoka Marekani zilizaa kazi nyingi Kisumu, Siaya na Homa Bay. Mwenye digrii ya afya ya jamii alilipwa na mradi maradufu au zaidi ya mwenzake wa kaunti, na uzamili huko ulikuwa na bei ya wazi: matangazo ya kazi yaliudai. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Jirani yangu mmoja alipata barua pepe Jumatatu, na Ijumaa gari la mradi likachukuliwa. Digrii yake ya uzamili iko palepale. Soko lililoinunua limeondoka.

Mshahara wa jumla haukai mfukoni

Ukiahidiwa 50,000 na kampuni, usipange nyumba ya 20,000 Milimani. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itachukua 3,000, SHIF ya asilimia 2.75 itachukua 1,375, ada ya nyumba ya asilimia 1.5 itachukua 750. Kinachobaki kinatozwa ushuru, na baada ya kuondoa afueni ya 2,400 utakatwa kama 5,850. Utabaki na takriban 39,000. Kisha HELB, ambayo riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka na inaanza kudai mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Usipolipa, faini ni 5,000 kwa kila mwezi, hata kama huna kazi ya kukatwa. Mpwa wangu hakujua hilo la faini. Alinyamaza kidogo.

Serikalini makato ni hayo hayo kwa jumla, ila pensheni ndiyo inayogeuza mizani, na ndiyo ninayoona watu wakiisahau. Tangu Januari 2021 watumishi wa serikali kuu, walimu wa TSC na polisi walio chini ya miaka 45 wako kwenye mfuko wa kuchangia. Mfanyakazi anatoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi baada ya miaka miwili ya kwanza, serikali inaweka asilimia 15. Chukua msingi wa 40,000: serikali inakuwekea 6,000 kila mwezi. Kampuni inayolipa NSSF pekee itakuwekea 2,400. Tofauti ni 43,200 kwa mwaka, pesa ambazo hazionekani kwenye simu mwisho wa mwezi. Kampuni kubwa zina mifuko yao ya pensheni, kwa hiyo uliza kabla ya kutia sahihi. Nikiwa kiwandani niliona waajiriwa wapya wengi wakiuliza kuhusu chai ya saa nne, na mmoja tu aliyeuliza kuhusu pensheni.

Kisha kuna mkopo. Hati ya mshahara ya TSC ni dhamana yenyewe. Sako ya walimu, chama chao cha akiba na mikopo, itakukopesha bila kuuliza shamba la baba. Wa kampuni ya kawaida ataombwa wadhamini, na akiwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja ataambiwa aje tena. Ubaya ni kwamba urahisi huo unawamaliza watu. Sheria inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na wengi niliowahudumia wanaishi kwenye ile theluthi iliyobaki mwaka mzima. Mwenye digrii anayelipwa 55,000 serikalini anapokea zaidi kidogo ya 18,000 kwa sababu ya mkopo wa gari, na mwenzake wa kampuni anayelipwa 48,000 anapokea 37,000. Nani tajiri?

Usalama wa kazi nao haujapakwa rangi moja. Watu wa Magharibi tumeona kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, kikifungwa mwaka wa 2009 na kampuni ya sukari ya Mumias ikiingia mwaka wa 2019 mikononi mwa mrasimu, msimamizi anayewekwa na benki deni likishindikana. Lakini tumeona pia viwanda vya sukari vya serikali yenyewe. Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony vilikodishwa kwa kampuni binafsi Mei 2025 kwa miaka 30, huku wafanyakazi, wakiwemo wahandisi na wahasibu wenye digrii walioingia wakijua wameingia "kwa serikali", wakiwa na malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi. Wahadhiri wa vyuo vya umma nao walisusia kazi kwa wiki nyingi mwishoni mwa 2025 wakidai pesa za mkataba uliokwisha kutiwa sahihi. Kaunti zinajulikana: Hazina ikichelewesha mgao, wafanyakazi hukaa wiki tano au sita bila mshahara. Kampuni nyingi za Kisumu nilizozijua zililipa tarehe 28 bila kukosa. Na ukiachishwa kwa sababu kazi zimepungua, sheria inakupa angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliotumikia.

Digrii ya pili

Watu wa hapa wanapenda uzamili kama wapendavyo mazishi makubwa. Kila Jumamosi vyuo vikuu vya Maseno, Jaramogi Oginga Odinga na Kabarak hujaa walimu, maafisa wa kaunti na makarani wa benki waliotoka mbali. Ninawaheshimu. Ila wengi wao hawajauliza muundo wao wa utumishi unasema nini.

Kwa mtumishi wa serikali uzamili unalipa pale tu unapotajwa kama sharti la cheo kinachofuata, na huwa ni vyeo vya juu, pamoja na kozi za Shule ya Serikali ya Kenya: wiki nne za usimamizi, au wiki sita za uongozi wa kimkakati. Nimeona mtu mwenye uzamili aliyekwama miaka minane kwa sababu hakuwa na cheti cha wiki nne. Cheti cha wiki nne! Kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu hakuna mjadala, kwa kuwa vigezo vya mwaka wa 2014 vilifanya uzamifu (PhD) kuwa mlango wa kuwa mhadhiri. Kwa kampuni, uzamili unalipa ukikuhamisha kutoka kazi moja kwenda nyingine. Ukibaki pale pale mezani, meneja atakupongeza, atakununulia keki, na mshahara utabaki ulivyo. Waliofaidika niliowaona walibeba cheti wakahama nacho.

Kwa hiyo aliye serikalini akitaka kusoma, ningemwambia aende ofisini aombe muundo wa utumishi wa kada yake, asome ukurasa wa cheo kilicho juu yake, kisha ndipo alipe karo. Aliye kwa kampuni afungue matangazo ishirini ya kazi anayoitamani, aone yanadai nini. Kama ishirini yote yanadai CPA au leseni ya bodi ya wahandisi, uzamili ni mapambo.

Basi uchague upi

Kama digrii yako ni ya kawaida, matokeo yako ni ya wastani, na una wadogo wa kusomesha, gredi ya serikali inakulipa zaidi ya ambavyo soko lingekulipa. Sioni haya kulisema hilo. Mwalimu wa Kiswahili na Dini, ofisa wa utawala, muuguzi wa digrii, wote wanapata bei nzuri serikalini kuliko nje, na pensheni juu yake. Anayeishi Kisumu au Nakuru mjini anapata pia marupurupu ya nyumba makubwa kuliko mwenzake wa kijijini, ingawa kodi ya Kondele na Section 58 huyameza mara moja.

Kama una ujuzi unaopimika, hesabu, programu za kompyuta, umeme wa viwandani, lugha ya wateja, na huna hofu ya kuhama kila baada ya miaka mitatu, jedwali litakubana. Mwaka wa kwanza kampuni inaweza kukulipa kidogo, lakini mwaka wa saba ndio wa kulinganisha. Na ukiwa kwa kampuni, ile asilimia 15 ambayo serikali ingekuwekea, jiwekee mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayeiweka.

Ninaowaonea huruma ni wa katikati: waliokataa kazi ya 30,000 kwa kampuni kwa sababu wanasubiri ya serikali, na miaka mitano imekwisha. Ngazi za kampuni wangekuwa wamepanda tatu. Wengine waliuza ng'ombe kumpa mtu aliyeahidi nafasi kaunti. Ng'ombe ameliwa, nafasi haikuja, na mtu huyo anapita barabarani akiwasalimu.

Mpwa wangu tulimpigia hesabu nyuma ya kalenda. Vihiga angekaa kwa mama yake, asilipe kodi, na baada ya nauli ya kila siku abaki na kama 13,000. Nakuru chumba ni cha bure, na baada ya makato abaki na zaidi ya maradufu ya hizo, HELB ikiwa imelipwa. Nambari yake ya TSC haifutwi kwa kufundisha akademi, na tangazo la kazi likitoka ataomba kwenye mtandao akiwa Nakuru sawasawa na akiwa Vihiga.

"Lakini Mjomba, akademi wamesema 38,000."

Nikamwuliza kama wao ndio waliotaja au yeye. Akasema wao. Nikamwambia awajibu kesho asubuhi kwamba Kemia na Hisabati, pamoja na kusimamia maabara, ni 45,000, na aulize kama Aprili, Agosti na Desemba zinalipwa. Alicheka, akaona haya, akaandika, akafuta, akaandika tena. Walirudi na 42,000, miezi kumi na miwili yote. Ameripoti wiki iliyopita, na fomu ya TSC imo kwenye begi.